Picha Ziendazo na Video: Ipi Itumike Wapi?

Kila mtu aliyepata kutazama simu ya mkononi amekwisha kuona picha ziendazo. Pengine ni picha ya mtoto anayecheka, kisha arudi kucheka, kisha arudi tena, bila kuchoka na bila kutoa sauti. Pengine ni mkulima anayefundisha jinsi ya kupanda mihogo. Sauti yake yasikika, na mtazamaji aweza kumsimamisha akitaka. Mtu asiyejua husema, "Hizi zote ni mamoja." Lakini si mamoja. Ile ya kwanza ni picha ya GIF, na ile ya pili ni video. Zafanana kama mbuzi na kondoo wanavyofanana kwa mbali. Lakini mchungaji hawachanganyi.

Katika somo hili tutajifunza jinsi kila moja inavyotengenezwa, na kwa nini mtu anayetengeneza ukurasa wa intaneti imempasa achague vema. Maana yeye akichagua vibaya, mwingine ndiye alipaye.

1. Picha haiendi, ila akili huiendesha

Kwanza fanyeni jaribio dogo. Chukua daftari la zamani lenye karatasi ishirini zilizobaki. Katika pembe ya kila karatasi chora ndege mmoja, mahali pale pale. Katika karatasi ya kwanza mabawa yake yawe juu. Katika ya pili yashuke kidogo. Katika ya tatu yashuke tena. Na hivyo hivyo mpaka yafike chini, kisha yapande. Ukimaliza, shika daftari kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili uziachie karatasi zipite upesi. Utaona ndege anaruka.

Je, yuko ndege aliyeruka? Hayuko. Ziko picha ishirini tu, na kila moja imetulia mahali pake. Lakini zipitapo upesi, kama kumi na mbili au zaidi katika sekunde moja, akili zetu haziwezi kuzitenga. Huziunga zikawa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo siri ya picha zote ziendazo, kubwa na ndogo, za zamani na za leo.

2. Sahani na utepe

Siri hii ilitumiwa zamani, kabla ya kuwapo kompyuta. Mwaka 1832 Joseph Plateau, mtu wa Ubelgiji, alitengeneza sahani ya duara, akachora picha kuizunguka ukingoni, akakata matundu membamba. Mtu alisimama mbele ya kioo, akaizungusha sahani na kuchungulia katika matundu, akaona mchezaji anazunguka. Sahani ikimaliza mzunguko mmoja, picha ya kwanza hurudi tena. Basi mchezo wake hauna mwanzo wala mwisho.

Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia ya farasi huko California, Marekani, zipige picha farasi apitapo mbio. Watu walikuwa wakibishana kama farasi akikimbia huinua miguu yote minne mara moja. Picha zilikata ubishi: iko nukta ya wakati ambapo hakuna hata kwato moja iliyogusa ardhi. Kisha, tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu wa Paris waliolipa kiingilio picha zilizopigwa juu ya utepe mrefu. Utepe, tofauti na sahani, una mwanzo na mwisho. Waweza kueleza habari ndefu.

Yashikeni hayo mawili, sahani na utepe. Picha ya GIF ni mtoto wa sahani. Video ni mtoto wa utepe.

3. GIF ni nini?

GIF ilitolewa mwaka 1987 na Steve Wilhite na wenzake katika kampuni ya CompuServe ya Marekani. Siku zile kompyuta zilipelekeana habari kwa waya za simu, polepole sana. Ilihitajiwa njia ya kufunga picha iwe ndogo, ipite katika waya bila kuchukua nusu ya siku. Mwaka 1989 njia hiyo ilitengenezwa upya, ikapewa uwezo wa kupanga kila picha ikae muda gani kabla ya kuja nyingine, na muda huo hupimwa kwa sehemu za mia za sekunde. Katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kikaweza kuzirudiarudia picha hizo bila mwisho, na tangu hapo kurasa za intaneti zikajaa moto uwakao, bendera zipepeazo na paka wachezao.

Picha yo yote ya kompyuta hufanywa kwa nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu, kama shanga katika kazi ya ushanga. Kila nukta ina rangi yake. Katika GIF, picha moja hupewa sanduku la rangi zisizozidi 256, na kila nukta huandikiwa namba ya rangi yake. Kisha kompyuta hutafuta mafungu ya namba yanayojirudia. Tuseme karani apaswa kuandika jina refu la kijiji mara mia katika kitabu chake. Akiwa na akili, huandika jina lile mara moja, akalipa alama fupi, na baadaye huandika alama peke yake. Ndivyo ifanyavyo GIF. Njia hiyo huitwa LZW, kwa herufi za kwanza za majina ya Lempel, Ziv na Welch waliobuni.

Sasa fikirini. Karani atapata faida lini? Atapata faida majina yakijirudia. Mchoro wenye rangi chache, kama mshale mwekundu juu ya karatasi nyeupe, una marudio mengi. Basi hufungika ukawa mdogo sana. Lakini picha iliyopigwa kwa kamera, ya majani, mchanga na maji, haina marudio. Kila nukta yatofautiana kidogo na jirani yake. Hapo karani huandika karibu kila kitu kwa urefu, na mzigo huwa mkubwa. Tena rangi 256 hazitoshi kuonyesha uso wa mtu au anga la jioni. Hivyo picha huonekana ina madoadoa. Na sauti GIF haina kabisa.

4. Video ni nini?

Video hufungwa kwa njia nyingine. Tuseme unamweleza kipofu mchezo wa mpira. Kwanza utamweleza uwanja wote: majani, magoli, mistari na wachezaji. Baada ya hapo hutarudia kumwambia kila sekunde kwamba majani ni ya kijani. Utasema tu, "Mpira umekwenda kulia; golikipa ameruka." Ndivyo ifanyavyo video. Huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha zifuatazo huandika mabadiliko tu: kipande hiki kimehama hatua tatu kuume, kile kimebaki pale pale. Baada ya muda huweka tena picha kamili, kisha yaendelea. Zaidi ya hayo, huyaacha mambo madogo ambayo jicho la mtu haliyatambui kwa urahisi.

GIF nayo yaweza kuacha sehemu isiyobadilika bila kuichora tena. Lakini haiwezi kusema, "Kipande hiki kimehama." Kitu kikihama, hata kwa hatua moja, lazima kichorwe upya. Kwa hiyo kamera ikitikisika kidogo tu mkononi mwa mpiga picha, kila nukta hubadilika, na GIF hulazimika kuanza kazi yote tena. Hapo ndipo video iishindapo sana.

Zamani kurasa za intaneti hazikuweza kucheza video zenyewe. Msomaji alilazimika kuongeza programu nyingine, kama Flash. Mwaka 2014 kanuni mpya za kuandika kurasa, ziitwazo HTML5, zilikamilishwa, nazo zaipa video mahali pake ukurasani kama picha nyingine. Flash iliachwa na wenyewe mwisho wa mwaka 2020.

Video huwekwa ukurasani kwa njia mbili. Mwenye ukurasa aweza kuiweka katika seva yake mwenyewe. Au aweza kufungua dirisha ukurasani mwake, na katika dirisha hilo ionekane video iliyo katika nyumba ya mwingine, kama YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005. Njia ya dirisha ina faida: nyumba ile kubwa hubeba mzigo wote, na hupunguza ubora wa picha mtandao ukiwa dhaifu, ili video isikwame. Ina na hasara pia. Dirisha huja na programu zake, ambazo nazo ni mzigo; mwenye nyumba aweza kujua nani ametazama nini; na siku akiiondoa video ile, dirisha lako hubaki tupu.

5. Hesabu yake

Haya, tuone kwa hesabu. Chukua picha yenye nukta 400 kwa upana na 300 kwa urefu. Jumla ni nukta 120,000. Kabla ya kufungwa, kila nukta ya GIF huchukua baiti moja. Basi picha moja ni baiti 120,000. Tukitaka mwendo wa sekunde 6, wenye picha 15 kwa kila sekunde, twahitaji picha 90. Zidisha: 90 mara 120,000 ni baiti 10,800,000, yaani karibu megabaiti 11. Kwa mchoro wa rangi chache, kufunga kutapunguza mzigo huo sana. Kwa picha za kamera kutapunguza kiasi tu.

Wataalamu wa Google, walipowafundisha watengenezaji wa kurasa, walionyesha mfano huu. Picha moja iendayo, ikiwa GIF, ilikuwa megabaiti 3.7. Ilipogeuzwa ikawa video ya aina ya MP4, ilikuwa kilobaiti 551, yaani karibu sehemu moja ya saba. Ilipogeuzwa ikawa video ya aina ya WebM, ilikuwa kilobaiti 341, karibu sehemu moja ya kumi na moja. Na mtazamaji huona mwendo ule ule.

Tuseme basi mtu ana bando la megabaiti 100. Akiitazama GIF ile, na kila mara ikapakuliwa upya, bando litakwisha baada ya mara 27. Akiitazama ile MP4, ataitazama mara 181. Wenye kujua methali husema, haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia hukimaliza kibaba.

Kwa sababu hii kampuni kubwa zimekwisha kuacha kupeleka GIF kama zilivyo. Tangu mwaka 2014 mtu akiweka GIF katika Twitter, ambayo sasa huitwa X, huigeuza kimya kimya ikawa video isiyo na sauti, ijirudiayo. Watazamaji huiita GIF, lakini kwa kweli ni utepe uliovaa nguo za sahani.

6. Nani alipaye?

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki jambo hili si la mchezo. Mpaka mwaka 2009 habari zetu nyingi za intaneti zilipita angani kwa setilaiti, kwa gharama kubwa. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na gharama zikaanza kushuka. Lakini hata leo watu wengi huingia katika intaneti kwa simu, nao hununua bando kidogo kidogo, la siku au la juma.

Tuseme yuko mama aliye mbali na mji. Amenunua bando dogo kwa fedha aliyopata sokoni. Afungua ukurasa wa zahanati atazame siku ya chanjo ya mtoto wake. Lakini juu ya ukurasa, mtengenezaji ametia GIF ya maua yapepeayo, megabaiti 8, kwa ajili ya pambo. GIF haimngoji msomaji abonyeze. Ukurasa ukifika mahali pake, huanza kupakuliwa. Tarehe ya chanjo ni maneno machache tu, hayafiki hata kilobaiti moja. Lakini bando lakwisha kabla mama hajayasoma. Mtengenezaji yuko mjini, hakumwona, wala hakukusudia ubaya. Walakini amemla mama yule fedha yake.

Video yaweza kuwa na adabu zaidi. Mtengenezaji aweza kuiamuru isipakuliwe mpaka msomaji aibonyeze, na mahali pake iwekwe picha moja iliyotulia. Hapo msomaji huchagua mwenyewe. Lakini video nayo ikiamriwa ianze yenyewe, na tena iwe ndefu, itakula bando kuliko GIF. Basi kosa halimo katika chombo peke yake. Limo pia katika mkono unaokitumia.

7. Wasomaji wasiofanana nasi

Wako wasomaji ambao picha zimetametazo huwadhuru. Tarehe 16 Desemba 1997, katika Japani, katuni ya Pokémon ilionyeshwa katika televisheni. Katika sehemu moja mwanga mwekundu na wa buluu ulipokezana kwa haraka mno. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Baadhi yao walishikwa na degedege. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala hakiambukizi. Kwa baadhi ya wagonjwa wake, mwanga umetametao ni kama kiberiti katika majani makavu.

Kwa hiyo shirika la W3C, litungalo kanuni za kurasa za intaneti, limeweka mashauri mawili. La kwanza: kitu cho chote ukurasani kisimetemete zaidi ya mara tatu katika sekunde moja. La pili: kitu kikianza kwenda chenyewe kando ya maandishi, na kikaendelea kwa zaidi ya sekunde tano, msomaji apewe njia ya kukisimamisha. Hapa video ina faida, kwa kuwa ina vifungo vya kusimamisha. GIF ya kawaida haina. Huenda kama nzi azungukaye taa, na msomaji asiyeweza kukaza fikira hushindwa kusoma.

Wako pia vipofu, ambao simu zao huwasomea ukurasa kwa sauti. GIF au picha yo yote iandikiwe maneno machache ya kuieleza, ili nao wajue kilichopo. Na wako viziwi. Video yenye mazungumzo iandikwe maneno yake chini. Ukurasa ni kama nyumba, na msomaji ni mgeni. Mwenyeji mwema hamwekei mgeni kiti kisicho na mguu.

8. Kanuni za kuchagua

Mtu akitaka kutia picha iendayo ukurasani, na ajiulize maswali haya kwa taratibu.

Kwanza, je, mwendo wahitajiwa? Mara nyingi picha iliyotulia yatosha, nayo ni nyepesi kuliko zote mbili. Wazee wetu walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, ni mchoro au ni picha ya kamera? Mchoro wa rangi chache, wenye picha nne au tano, kama mkono uonyeshao mahali pa kubonyeza, wafaa kuwa GIF. Utakuwa na kilobaiti chache, na utafunguka karibu kila mahali. Katika barua pepe GIF yafaa zaidi, maana programu nyingi za barua hazichezi video ndani yake. Ziko na aina mpya za picha ziendazo, kama WebP na APNG, zenye rangi nyingi kuliko GIF, nazo zaweza kutumika mahali pake katika kurasa.

Tatu, je, ni mambo halisi yaliyopigwa kwa kamera, au ni marefu kupita sekunde chache, au yana sauti? Basi tumia video. Ikiwa ni fupi na yahitaji kujirudia kama GIF, video yaweza kuamriwa inyamaze na ijirudie.

Nne, je, video ni ndefu sana, na seva yako ni ndogo? Fungua dirisha la nyumba ya mwingine, lakini ujue masharti yake.

Tano, ukimaliza, ufungue ukurasa wako kwa simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao dhaifu, kwa bando ulilolinunua mwenyewe. Hapo utaujua uzito wa kazi yako, kwa maana umeubeba.

Sahani ya Plateau na utepe wa ndugu Lumière vyote vilikuwa vyombo vyema, kila kimoja kwa kazi yake. Fundi seremala hapigi msumari kwa msumeno, wala hakati ubao kwa nyundo. Nanyi, wengine wenu mtakuja kutengeneza kurasa zitakazosomwa na watu wengi msiowajua. Kabla ya kutia kitu, mkumbukeni yule mama wa chanjo.

Maswali

1. Kwa nini ndege wa daftari huonekana anaruka, ingawa kila picha imetulia?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi GIF ifanyavyo kama karani wa kijiji. Kwa nini njia hiyo haifai sana kwa picha za kamera?
3. Video huandika nini baada ya picha ya kwanza kamili?
4. Watu 1,000 wametazama GIF ya megabaiti 3.7. Wote pamoja wametumia megabaiti ngapi? Wangetazama MP4 ya kilobaiti 551, wangetumia ngapi? (Hesabu kilobaiti 1,000 kuwa megabaiti moja.)
5. Taja faida moja na hasara mbili za kufungua dirisha la video iliyo katika nyumba ya mwingine.
6. Shule yataka kuonyesha katika ukurasa wake (a) jinsi ya kunawa mikono, kwa michoro minne. (B) nyimbo za wanafunzi siku ya wazazi. (C) tarehe ya kufungua shule. Chagua chombo kwa kila moja, ukatoe sababu.